Mkono wa Nta

Kitendawili, na usikimbilie jibu: sina makali, lakini mwenye makali hana kazi bila mimi, na asiyenishika mimi hukatwa. Mimi ni nani?

Umesema ala? Umekaribia, ila bado. Nimiminie kahawa na unisogezee andazi la iliki, nikwambie. Ni mpini. Mpini wa upanga, ule upanga mrefu wa kizamani, wenye makali kuwili.

Ilmo wa Lapua, mji mdogo kule kaskazini kwenye baridi, alikuwa fundi umeme siku tano za wiki. Mipini ya panga ndiyo iliyokuwa mapenzi yake. Watu wenye kupenda vitu hivyo walimletea mabapa yao matupu, chuma bila mpini, naye akayavisha mbao, ngozi na shaba ya manjano. Lakini mpini wa Ilmo haukuanzia kwenye mbao. Ulianzia kwenye mkono. Mwenye upanga alikalishwa kwenye kigoda, akapewa kijiti kilichovishwa nta yenye uvuguvugu, akaambiwa, "Kamata kama unavyokamata kitu chako." Kisha Ilmo mwenyewe akauzungushia mkono huo mikono yake miwili, akaubana, akahesabu polepole hadi mia mbili. Nta ikipoa, alama ya kila kidole imebaki ndani yake, na mbao inachongwa kwa kuifuata.

Taimi, mpenzi wake, aliyajua hayo kuliko mtu yeyote. Miaka mitatu iliyopita alikaa kwenye kigoda hichohicho, na walipofika mia na arobaini hakuna aliyekuwa anahesabu tena.

Ndiyo maana Jumamosi hii, alipoinua kitambaa cheupe juu ya meza ya karakana, alibaki amekishikilia kitambaa hewani.

Chini ya kitambaa palikuwa na mpini wa nta. Vidole vilivyouacha alama vilikuwa vyembamba, vya mwanamke. Na ulikuwa mkono wa kulia.

Taimi ni wa kushoto tangu kuzaliwa. Kijiko kushoto, kalamu kushoto, hata kofi angekupiga la kushoto.

Akajaribu kuushika kwa mkono wake wa kulia. Ulimwenea karibu kabisa, ila kidole cha mwisho cha huyo mwanamke kilikuwa kimejipinda kwa nje kidogo, kwa madaha, kama cha mtu anayejua kuwa anatazamwa. Akatupa macho pembeni. Dirishani palikuwa na vikombe viwili vya kahawa. Kimoja kilikuwa na kisahani, na kisahani chenyewe kilikuwa na michirizi ya kahawa iliyokauka. Ilmo hanywi na kisahani. Taimi hajawahi kupewa kisahani katika karakana hii hata siku moja.

Kumbe ndiyo maana ya kufuli! Wiki tatu sasa mlango wa karakana ulikuwa na kufuli, na wiki tatu sasa kila Jumatano Ilmo alikuwa "na kazi kidogo". Leo kufuli lilikuwa linaning'inia wazi, kwa sababu Ilmo alikuwa hatua kumi tu kutoka hapo, anachochea kuni za sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke.

Na uchungu wenyewe ulikuwa hapa: Taimi alikuja na jibu.

Wiki hizohizo tatu zilizopita, wamekaa kwenye ngazi za sauna, taulo mabegani, Ilmo alitazama mtoni akasema, "Hivi Taimi, lile kabati la chumbani ni jembamba. Nilipanue, au nisilipanue?"

Ilmo ni Msavo, mtu wa mkoa wa Savo huko mashariki, na Msavo ukimuuliza saa ngapi atakuuliza unawahi wapi. Taimi alielewa vizuri sana nani angeweka nguo kwenye hilo kabati. Akacheka, akamwambia, "Uliza sawasawa, Ilmo."

"Nimeuliza habari ya kabati."

"Basi na mimi nitajibu habari ya kabati, nikiwa tayari."

Tangu siku ile alitembea na jibu kinywani kama peremende. Leo ameoka maandazi ya iliki, amevaa gauni la buluu, amekuja kulitoa. Na sasa amesimama na mkono wa mwanamke mwingine mkononi mwake.

"Usiishike karibu na dirisha," sauti ikasema nyuma yake. "Jua litaiyeyusha."

Ilmo alikuwa mlangoni amekumbatia kuni, na masizi shavuni. Siku nyingine Taimi angeyafuta masizi yale kwa kidole. Leo hakusogea.

"Huu ni mkono wa nani?"

Ilmo akatazama nta, akatazama kufuli, akashusha pumzi. "Ni wa kulia."

"Naona kuwa ni wa kulia! Mimi si kipofu. Wa nani?"

"Wa mwenye bapa."

"Ana jina huyo mwenye bapa?"

"Kila mtu ana jina, Taimi."

"Ilmo, leo usinizungushe. Leo nitakupiga na hiyo kuni." Akauinua ule mpini wa nta kati yao. "Alikuja Jumatano?"

"Jumatano."

"Jumatano zote tatu?"

"Ya pili ilibidi turudie. Nta ilipasuka."

"Kwa nini ilipasuka?"

Ilmo angeweza kudanganya hapo, na pengine mwanamume mwingine angedanganya. Yeye alijikuna kidevu akasema, "Alikuwa anacheka."

Anacheka! Taimi aliliona kama yuko pale. Kigoda kile, mikono ile miwili mikubwa yenye makovu ya waya, na mwanamke fulani amerudisha kichwa nyuma, shingo nje, anacheka.

"Ulimhesabia?"

"Nini?"

"Hadi mia mbili. Ulimshika ukamhesabia?"

"Nta haigandi kwa kutazamwa, mpenzi. Unajua kazi inavyokwenda."

"Ndiyo! Najua inavyokwenda! Ndiyo maana nauliza!"

Ilmo akaweka kuni chini, moja moja, kama mtu anayetafuta muda. Alipoinua uso, macho yake hayakukimbia. Hilo ndilo lililomchanganya Taimi zaidi. Mtu mwenye hatia hutazama viatu vyake, na huyu anamtazama yeye, tena kwa huruma.

"Nilitoa neno langu," akasema. "Niliapishwa, mkono kifuani. Jina lake halitatoka kinywani mwangu. Atakwambia mwenyewe. Nisubiri hadi Jumatano."

"Jumatano nyingine! Mnakutana mara ya nne?"

"Taimi."

"Nikikwambia ama jina, ama naondoka na sirudi?"

Nje, moshi wa sauna ulikuwa unapanda wima. Hakukuwa na upepo wowote.

"Basi nitakuomba usiondoke," Ilmo akasema taratibu. "Lakini jina sitasema."

Taimi akachukua kapu lake la maandazi. Hata moja hakumwachia. Na kabla hajaugeukia mlango, akausokomeza ule mpini wa nta ndani ya kapu, chini ya kitambaa, mbele ya macho ya mwenyewe. Ilmo aliona. Mkono wake uliinuka kidogo, kisha ukashuka.

"Na kabati?" akauliza nyuma yake, kwa sauti ndogo.

"Kabati lako lipanue umwekee huyo wa kulia nguo zake!"

Barabara ya kurudi kwao Kauhava imenyooka kama imepigwa kwa uzi, mashamba huku na huku, na Taimi aliendesha gari huku akiwakagua kichwani wanawake wa mkoa mzima mmoja baada ya mwingine. Yule wa duka la rangi anayemwita Ilmo "bwana fundi"? Ana vidole vinene. Mwalimu wa kuogelea? Huyo labda. Yule mjane mwenye farasi? Ana pete tano, nta ingeonyesha. Hadi anafika nyumbani alikuwa amewashuku wanawake tisa, na wawili kati yao walikuwa wamehamia Sweden.

Taimi aliishi ghorofa ya juu ya nyumba ya mama yake, Oili. Sasa, huyo Oili ndiye aliyekuwa mwamba katikati ya barabara ya mapenzi haya. Kwake yeye Ilmo alikuwa na dosari mbili: kuzaliwa Savo, na kuchezea panga akiwa na miaka arobaini na moja. Miaka mitatu alizitangaza dosari hizo dukani, kanisani na kwa tarishi. "Mwanaume asiyejibu swali," alizoea kusema, "ana jibu analolificha."

Taimi alimkuta jikoni anamenya mashina machachu ya rubabu kwa ajili ya keki. Oili hakugeuka.

"Umerudi mapema. Msavo kaishiwa maneno?"

"Ulikuwa sahihi, mama. Furahi."

"Nilikuwa sahihi kwa lipi? Ni mengi."

"Ana mwanamke."

Kisu kikasimama katikati ya shina. "Nani kakwambia?"

"Nta imeniambia. Ana mwanamke anakuja Jumatano, anamshika mikono, wanacheka mpaka nta inapasuka. Nimemuuliza jina, kakataa. Nimemwambia nitaondoka, akakataa vilevile. Basi. Imekwisha. Jumatatu naomba zamu za mbali, zahanati yetu ya meno ya kule Oulu inatafuta mtu."

Alingoja mama yake aseme lile neno: si nilikwambia. Halikuja. Oili alifuta mikono kwenye aproni, akaikunja aproni, akaikunjua.

"Huenda ni mteja tu," akasema.

"Nini?"

"Nasema huenda. Watu wanaagiza mipini."

"Mama! Miaka mitatu unaniambia huyu mtu hafai, leo ndiyo unamtetea?"

"Simtetei. Nimesema huenda. Hata neno 'huenda' limekatazwa humu ndani? Kaa unywe kahawa."

"Na kicheko je?"

"Kicheko si dhambi," mama akasema, na akageukia jiko haraka mno.

Wakakaa. Oili akamimina kahawa, akaweka kipande cha sukari katikati ya meno, akaimwaga kahawa ya moto kwenye kisahani ili ipoe, kama alivyofanya maisha yake yote na kama mama yake alivyofanya. Akakiinua kisahani kwa mkono wa kulia. Kidole cha mwisho kilijipinda kwa nje, kidogo tu, kwa madaha.

Taimi akakodoa macho.

Kila asubuhi ya maisha yake alikuwa amekiona kidole kile. Nani hutazama kidole cha mama yake?

"Mama," akasema polepole. "Siku hizi kwaya yenu ya Jumatano mnaimba nini?"

"Nyimbo."

"Zipi?"

"Za kiangazi."

"Maana mwalimu wa kwaya alikuja zahanati Jumanne na jino lake. Akaniambia kwaya imefungwa mpaka Agosti. Nikadhani ganzi imempanda kichwani."

Sukari ilivunjika katikati ya meno ya Oili. Ilisikika.

Taimi akavuta kapu, akatoa maandazi, akainua kitambaa, akauweka mpini wa nta mezani kati yao.

"Shika."

"Sishiki vitu vya watu."

"Shika, mama."

Oili aliutazama ule mpini kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono, akaufumba juu ya nta, na vidole vyote vitano vikalala kila kimoja kitandani mwake, hata kile kilichopinda.

"Ni wangu," akasema. "Haya. Ni wangu."

Taimi akasogeza kiti karibu.

"Unakumbuka bapa la baba yako?" Oili akaanza, bila kuinua macho. "Lile alilolifua mwenyewe kwenye kile kibanda chake, majira ya baridi ya mwisho. Marehemu Vilho aliniambia, mpini nitautia kiangazi. Kiangazi hakikumkuta. Miaka kumi na moja limekaa darini, nimelifunga kwenye shati lake la sufu. Basi nikajisemea, huyu Msavo anayetaka kunichukulia mtoto, ngoja nimpelekee kitu kimoja ambacho sina kingine, nione anakishikaje."

"Na alikishikaje?"

"Alinawa mikono kwanza." Oili akafuta chembe za sukari mezani. "Alinawa kwa sabuni, akajifuta, ndipo akalipokea. Akalitembeza mwangani, akatazama alama za nyundo, akaniuliza, 'Aliyelifua alikuwa wa kushoto?' Sikuwa nimemwambia kitu, Taimi. Alimwona baba yako ndani ya chuma."

Taimi alifunika mdomo wake kwa mkono, ule wa kushoto.

"Baba alikifanya kile kipande cha kuingia kwenye mpini, msuka wanauita, kiwe kirefu. Ni upanga wa mikono miwili. Ilmo akasema, juu utakaa wa kulia, chini lazima wa kushoto. Nikamwambia, chini weka wa binti yangu, kaurithi kwa baba yake. Nikasema nitakuleta kwa hila tukupime. Akacheka, akaenda kabatini akaleta kopo la biskuti. Ule mpini wako wa nta wa siku ya kwanza, amekuwa nao. Kaufunga kwenye kitambaa laini. Miaka mitatu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambieje? Mji mzima nimeuambia huyu mtu ni bure. Nionekane naingia kwake na bapa kwapani? Nilimwapisha asitaje jina langu mpaka nimalize kujizoeza."

"Kujizoeza nini?"

"Kusema nilikosea." Oili alilisema neno hilo kama anatema mfupa wa samaki. "Nilikuwa nimepanga Jumatano."

Taimi alitaka kulia, na kabla hajajua, alikuwa anacheka. "Na wewe ulicheka nini mpaka nta ikapasuka?"

"Nilimuuliza kama na wewe ulivumilia hadi mia mbili. Akawa mwekundu mpaka masikioni, akaniambia, 'Hesabu ile haikukamilika.' Msavo huyo! Kumbe akitaka anajibu." Akakisukuma kisahani. "Leo alikuwa anakupoteza, na bado akafunga mdomo kwa ajili ya bibi kizee anayemtukana. Mimi kwa mtu kama huyo sina neno tena. Nenda."

Taimi alikuwa ameshasimama.

"Na sikiliza," mama akamwita. "Siku ya harusi yetu, tunakata keki, unajua ule mchezo, anayetangulia kupiga mguu chini ndiye mwenye nyumba. Mimi nilipiga kabla kisu hakijagusa krimu. Vilho akasema, 'Sawa Oili, nyumba yako.' Kwa hiyo wewe ukifika huko usimngoje Msavo amalize sentensi. Chukua na maandazi!"

Mlango wa karakana ulikuwa wazi kabisa. Kufuli lilikuwa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Ilmo alikuwa amekaa kwenye kigoda, hana tupa wala msasa mkononi, amekaa tu. Alipomwona alisimama haraka mpaka kigoda kikaanguka.

Taimi akauweka mpini wa nta mezani, akaweka na kapu.

"Uliniona nikiuchukua."

"Nilikuona."

"Hukunizuia."

Ilmo akajikuna kidevu. "Niliapa kwamba kinywa changu hakitamtaja. Nta sikuiapia."

"Msavo wee!" Akamsogelea, akayafuta yale masizi ya shavuni kwa kidole gumba, masizi yaliyomngoja mchana kutwa. "Nilikushuku na wanawake tisa."

"Tisa?" Ilmo alishangaa kweli. "Niliwatoa wapi?"

"Usiniulize. Nionyeshe."

Ilmo akatoa kitu kirefu kutoka chini ya meza, akakifunua. Lile bapa la baba lilikuwa limetulia, la kijivu kama mto wakati wa asubuhi, na mwishoni mwake mbao ya mti wa mbetula yenye mabaka ya dhahabu, bado haijapigwa msasa wa mwisho. Juu, karibu na chuma cha kukingia vidole, palikuwa na vitanda vya vidole vya mkono wa kulia, cha mwisho kimepinda. Chini yake, vitano vingine.

Taimi akaulaza mkono wake wa kushoto pale chini. Mbao ikaupokea. Ilmo akaufunika kwa mikono yake miwili bila kuambiwa, na hakuna aliyehesabu.

"Ilmo," akasema baada ya muda, "lile swali lilikuwa linasemaje?"

Ilmo hakuiondoa mikono yake. "Lile la kabati?"

"Lilelile."

"Nilisema kwamba ni jembamba," Ilmo akaanza, sikio limeshakuwa jekundu, "na kwa vile ni jembamba, niliuliza kama, labda, nilipanue, au..."

Taimi akapiga mguu chini. Patasi ziliruka kwenye misumari yake, na vumbi la mbao likapanda hadi dirishani.

"Lipanue," akasema.